Wasuluhishi Wawili na Kundi la Watu Mia Mbili

Ndoa ya Kiislamu hufungwa hadharani, lakini maisha yake ni ya faragha. Siku ya akdi sheria inataka watu wajue: awepo walii, wawepo mashahidi wawili, mahari yatajwe, kisha iandaliwe walima ili mtaa mzima upate habari kwamba fulani na fulani sasa ni mume na mke. Lamu, Malindi, Mji wa Kale wa Mombasa, Unguja na hata Kariakoo, kazi hii ya kutangaza huanza mapema zaidi, tangu mshenga anapotumwa kupeleka posa. Lakini mlango ukifungwa usiku ule, hadhara imekwisha. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwakemea vikali mume na mke wanaotoka nje kuhadithia yaliyopita kati yao kitandani. Wanaobaki na ruhusa ya kubisha hodi ni wachache: wazee wa pande mbili, somo wa bibi harusi, labda shangazi mmoja ambaye kila mtu anamheshimu.

Vijana waliooana katika miaka hii kumi na mitano wamekuta mambo yamepinduka. Akdi inaweza kuhudhuriwa na watu ishirini msikitini baada ya Alasiri, lakini ndani ya nyumba ndimo mlimojaa watu. Kuna kundi la WhatsApp la ukoo wa mume, la ukoo wa mke, la waliosoma pamoja sekondari, la madrasa, la kina mama wa mtaa. Mume akikasirika na kuondoa picha ya mkewe kwenye stetasi, wifi huko Tanga ameshauliza kulikoni kabla wenyewe hawajaamkiana. Mke akiandika mstari mmoja wa mafumbo, marafiki kumi wanajua umemlenga nani.

Nitakalolishikilia katika sura hii ni moja. Nguvu ya ndoa changa ya kustahimili misukosuko haiko katika mapenzi ya wawili peke yake, wala haiko katika kuitupa simu. Iko katika kujua ni nani aingie kwenye ugomvi wao na nani abaki nje. Simu haikuleta magomvi mengi mapya kama tunavyopenda kusema. Wivu ulikuwepo, ukata ulikuwepo, mavyaa na wakaza wana walikuwa wakinuniana kabla hata ya simu za mezani. Kilichofanywa na simu ni kuung'oa mlango. Vijana wa leo wana kazi ambayo bibi zao hawakuwa nayo, kwa sababu bibi zao waliukuta mlango umeshasimamishwa: kazi ya kuujenga upya, na kuchagua kwa makusudi watakaopewa ufunguo.

Wataalamu wa familia wamelifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Froma Walsh wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeandika sana juu ya ustahimilivu wa familia tangu miaka ya 1990, anautazama ustahimilivu huo katika mambo matatu: imani inayoipa familia maana ya mtihani wake, namna familia ilivyojipanga na kuungwa mkono na jamaa, na jinsi wanavyozungumza wao kwa wao. Waislamu wa Pwani wana hazina katika yote matatu. Tatizo letu ni kwamba hazina ile tunaisoma kwenye hotuba za harusi kisha tunaiacha ukumbini.

Kwa nini wawili, na kwa nini jamaa

Aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inaelekeza kwamba panapohofiwa mfarakano kati ya mume na mke, ateuliwe msuluhishi kutoka upande wa mume na msuluhishi kutoka upande wa mke, na kwamba wakikusudia sulhu kwa dhati Mwenyezi Mungu atawawafikisha. Tumeisikia mara nyingi hata tumeacha kuistaajabia. Itazame ilivyopunguza watu. Ukoo mzima una haki ya kuhuzunika, lakini wawili tu ndio waliopewa kazi. Wametoka katika damu, kwa hiyo ndoa ikivunjika na wao wamepotelewa, maana watoto wa nyumba ile ni wapwa zao au wajukuu zao. Kila upande una mtu wake, basi hakuna anayeingia barazani akijua ameshahukumiwa. Na hawakuitwa kutafuta nani mkosaji. Wameitwa kutafuta sulhu.

Kundi la watu mia mbili halina hata moja katika hayo. Mwanamke anapoandika usiku wa manane kwamba mumewe hamjali, anayejibu kwanza ni yule ambaye hajalala, na si lazima awe mwenye hekima. Anajibu kwa aliyotendewa yeye, na mume wake yeye, katika nyumba ambayo muulizaji hajawahi kuiingia. Asubuhi mjibu ameshasahau alichoandika, naye muulizaji amekibeba kifuani siku nzima hadi mume arudi kutoka kazini. Wanaume nao hawako salama zaidi. Kijana akilalamika katika kundi la wenzake wa mpira hupewa mzaha, au hushauriwa aoe wa pili, na mshauri mwenyewe hajui kama huyo wa kwanza ana mimba ya miezi saba.

Msuluhishi wa kweli anajua pia pa kukomea. Imepokewa katika Sahihi Bukhari habari ya Barira, mjakazi aliyeachwa huru. Kwa uhuru wake alipata haki ya kuchagua kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye, akachagua kuachana. Mughith alikuwa akimfuata njiani Madina huku machozi yakimtiririka mpaka ndevuni. Mtume akamsemea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamweleza kwamba yeye anaombea tu. Barira akakataa, na hakulaumiwa. Mtume wa Mwenyezi Mungu mwenyewe alipokuwa msuluhishi hakumlazimisha mwanamke yule. Laiti kila mjomba anayekuja kusuluhisha kwa kupiga meza angeikumbuka hadithi hii.

Uvumi uliposimamishwa sebuleni

Hakuna ndoa iliyosumbuliwa na uvumi kama ndoa ya Mtume na Bibi Aisha. Wakirejea kutoka msafara wa Banu Mustaliq, Bibi Aisha alirudi nyuma kuutafuta mkufu uliompotea. Waliobeba machela yake juu ya ngamia hawakutambua kwamba hamna mtu ndani, kwa wepesi wa mwili wake, na msafara ukaondoka. Sahaba Safwan bin Al-Muattal, aliyekuwa akija nyuma, alimkuta, akampandisha ngamia wake na kumfikisha kwa wenzake. Wakaonekana. Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, akazusha neno, na neno likazagaa Madina kwa muda wa mwezi hivi. Bibi Aisha alikuwa mgonjwa nyumbani, hajui lolote. Aliona tu kwamba ule upole wa mumewe aliouzoea anapougua umepungua.

Madina haikuwa na intaneti, na bado uvumi ulifika kila nyumba. Jambo la kujifunza liko katika namna ulivyopokewa. Mtume aliwataka ushauri watu wachache wa karibu, Ali na Usama bin Zaid, na akauliza waliomjua mkewe ndani ya nyumba. Hakutoa talaka kwa hasira. Bibi Aisha aliomba ruhusa kwenda kwa wazazi wake, akaruhusiwa. Hatimaye zikashuka aya za Surat An-Nur kumtakasa na kuwakaripia waliolipokea neno kwa ndimi na kulipitisha mbele wakilidhani ni dogo.

Ndani ya kisa hicho kikubwa kuna kisa kidogo kilichohifadhiwa na waandishi wa sira, nacho ndicho ninachopenda kuwasimulia maharusi. Abu Ayyub Al-Ansari alikuwa nyumbani na mkewe, Umm Ayyub. Mke akamuuliza kama amesikia wanayosema watu juu ya Aisha. Akajibu kwamba amesikia, na kwamba ni uongo. Kisha akamuuliza mkewe: wewe ungeweza kufanya jambo kama lile? Akasema hapana, wallahi. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Mazungumzo yakaishia pale. Uvumi uliozunguka mji mzima uliingia nyumba ile na haukutoka. Mume na mke wawili, kwa sentensi chache, waliupima kwa dhamiri zao wenyewe, wakaukuta hauna uzito.

Leo mke hutumiwa picha ya mumewe ameketi mkahawani Nyali na mwanamke asiyemjua, pamoja na maneno matatu: shoga, huyu nani? Aliyepiga picha hakuuliza. Aliyeisambaza hakuuliza. Ikifika kwa mke imeshapita mikono minane, na kila mkono umeongeza neno. Uzito wa jambo hili umekubaliwa hata na wenye mtambo: Januari 2019 kampuni ya WhatsApp iliweka kikomo duniani kote, mtu asiweze kusambaza ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mara moja, baada ya uvumi kuchochea mauaji huko India. Kikomo hicho kinapunguza kasi. Hakiwezi kufanya kazi ya Umm Ayyub na mumewe.

Aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat inakataza mambo matatu kwa mfuatano: dhana mbaya, kisha upelelezi, kisha kusengenya. Sijui maelezo mafupi zaidi ya ugomvi wa simu. Huanza na dhana, kwa mfano tiki mbili zilizogeuka buluu bila jibu. Alama hiyo iliingia WhatsApp Novemba 2014, na tangu hapo ukimya umekuwa na ushahidi: aliusoma, hakujibu, kwa hiyo ana jambo. Inafuata kuichukua simu yake akiwa bafuni, kutafuta kwenye ujumbe uliofutwa, kuangalia alimtumia nani pesa. Mwisho anapigiwa dada na kusomewa yaliyopatikana. Hatua ya tatu ndiyo inayoua ndoa nyingi, kwa kuwa hata mume akithibitisha kwamba yule mwanamke mkahawani alikuwa mteja, dada hatasahau.

Huulizwa kila mara kama wanandoa wapeane nywila. Naona swali hili limepewa ukubwa usiostahiki. Wapo wanaopeana na wanaishi kwa amani, wapo wasiopeana na wanaishi kwa amani. La hatari ni kuingia kwa kuvizia. Mtu aliyepewa ruhusa akiona jambo la kumtia shaka huuliza, kwa kuwa hana cha kuficha namna alivyoliona. Aliyevizia hawezi kuuliza. Hubaki akitega mitego, na mwenzake anahisi anatafutwa bila kujua kosa lake.

Talaka isiyofutika

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, maana hapa ndipo vijana wanapopotea kwa dakika moja.

Sisi wa Pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Kwa madhehebu haya talaka iliyoandikwa huhesabiwa kuwa ni kinaya: inapita ikiwa mwandishi alinuia talaka alipoandika. Kwa hiyo kadhi akiletewa ujumbe wa simu atataka kujua kwanza kama ni mume aliyeuandika, na pili alinuia nini. Suala hili limekwisha kusumbua mahakama za nchi nyingi. Mwaka 2003 mahakama moja ya sharia nchini Malaysia ilikubali talaka iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, na mjadala mkubwa ukazuka. India, tarehe 22 Agosti 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha talaka tatu za papo hapo katika kesi ya Shayara Bano. Mmoja wa wanawake waliokuwa mbele ya mahakama ile alitalikiwa na mumewe kwa simu kutoka Dubai. Mwaka 2019 India ikatunga sheria ya kuifanya talaka ya aina hiyo kuwa jinai. Na mwezi Januari mwaka huohuo Saudi Arabia ilianza utaratibu wa mahakama kumpelekea mwanamke ujumbe wa simu kumjulisha kwamba ametalikiwa, kwa sababu walikuwepo walioachwa bila hata kujua.

Lakini niache fikihi kwa wenyewe, nitazame muda. Zamani mume mwenye hasira alikuwa na vizuizi kati ya hasira na talaka. Ilimbidi aitamke mbele ya uso wa mtu aliyempikia chakula cha mchana, au aende kutafuta mwandishi, au amtume mtu. Na mjumbe huyo, akiwa na busara, alizunguka na barua ile siku mbili tatu akisubiri apoe. Sasa vizuizi vyote vimeondoka. Kidole kikigusa alama ya kutuma, imekwenda. Mwaka 2017 WhatsApp iliweka njia ya mtumaji kuufuta ujumbe kwa wote waliomo kwenye mazungumzo. Wapo vijana wanaodhani kwamba talaka nayo hufutika vilevile.

Na baya zaidi linafuata baada ya kutuma. Tafakari hekima ya eda. Mume akitoa talaka moja, au ya pili, mke bado yumo katika eda na mume anaweza kumrejea bila akdi mpya. Aya ya kwanza ya Surat At-Talaq inaelekeza kwamba mwanamke asitolewe nyumbani katika muda huo, wala asitoke mwenyewe, isipokuwa kwa uovu ulio wazi, na inatoa sababu yenye huruma kubwa: huenda Mwenyezi Mungu akazusha jambo jipya. Yaani watu wawili waliokosana waendelee kupishana ukumbini, wasikiane wakikohoa usiku, mmoja aone mwenzake akimwogesha mtoto. Twahara tatu, karibu miezi mitatu, kwa asiye na mimba. Ni muda uliopangwa ili hasira ife kifo cha kawaida.

Mila zetu zilishauvuruga mpango huu kabla ya simu, kwa mazoea ya mke kufunga virago siku ileile na kurudi kwao. Simu imemaliza kazi. Mke akipokea ujumbe, mikono ikitetemeka, hupiga skrinshoti. Sababu zake ni za haki: anahitaji ushahidi, anamhitaji mtu wa kulia naye. Humtumia dada. Dada, kwa uchungu, humtumia mama na khalati. Khalati huitia kwenye kundi la ukoo. Saa nne baadaye mume amepoa, ametawadha, amejuta, anataka kurejea. Kisheria anaweza. Lakini sasa hakabili mke peke yake; anakabili watu arobaini waliosoma maneno yake kwa macho yao, na kila mmoja ameshatoa rai. Mke naye, hata akitaka kurudi, ataonekana hana heshima mbele ya watu arobaini hao. Wapo ambao wangerudiana kwa suluhu nzuri na wakashindwa kwa aibu tu. Ujumbe ule uliosambaa ulizigeuza talaka za rejea zikawa kama talaka tatu, bila mtu yeyote kutamka tatu.

Kwa hiyo ninamwambia kila binti anayeolewa: skrinshoti ihifadhi, usiisambaze. Ikihitajika mbele ya kadhi itakuwepo. Mpelekee mtu mmoja, na mtu huyo awe ameshachaguliwa siku za raha. Na ninamwambia kila kijana: neno la talaka liondoe kabisa katika kidole chako. Ukiona umekasirika kiasi cha kuliandika, toka uende ukachukue udhu, na simu iache chumbani.

Wadai na masafa

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilitatua shida ya kweli ya familia: baba aliye Nairobi akampelekea mama aliye Lamu fedha za sokoni bila kumtegemea dereva wa basi. Mikopo ya simu ilifuata, M-Shwari mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019, na baadaye programu nyingi za kukopesha. Tofauti na deni la dukani kwa Mpemba, deni hili halina shahidi. Mtu hulichukua akiwa amelala ubavuni mwa mwenzake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, na washuhudie watu. Achilia mbali swali la riba, ambalo kwa Muislamu si dogo. Deni la siri huvunja nyumba kwa sababu siku litakapojulikana, mwenzako hatauliza kiasi. Atauliza ni mangapi mengine. Kwa kipindi kirefu nchini Kenya baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni walikuwa wakipekua majina kwenye simu ya mdaiwa na kuwapigia jamaa zake kumfedhehesha, mpaka sheria ya Desemba 2021 na kanuni za Benki Kuu za 2022 zilipowabana. Mavyaa akapigiwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa mwanao ni mdaiwa.

Mke ana mali yake na hisabu yake ni yake. Sheria yetu imelisema hilo karne nyingi kabla ya benki, na mume hana haki ya kudai kuona salio lake. Lakini deni litakalogusa kodi ya nyumba na karo ya watoto ni la wote wawili kulijua, awe amelikopa nani.

Masafa nayo yamebadilika sura. Wanaume wa Pwani wamesafiri tangu enzi za majahazi. Siku hizi anayepanda ndege kwenda Riyadh au Muscat mara nyingi ni mke, kwa mkataba wa miaka 2 wa kazi za nyumbani, na mume ndiye anayebaki na watoto. Saa ya Riyadh na ya Mombasa ni moja, ya Muscat imetangulia kwa saa moja, lakini mazungumzo yanategemea kama mwajiri amemruhusu kushika simu. Falme za Kiarabu zimezuia kupiga simu kwa WhatsApp, watu wakahamia programu ya Botim. Mume anapoona simu imezimwa siku nne, dhana humjia kabla ya huruma.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, baada ya kumsikia mwanamke akilalamikia upweke usiku, alimuuliza binti yake Hafsa mke aweza kustahimili muda gani bila mumewe, akawawekea askari wake kikomo: miezi 4 katika riwaya moja, 6 katika nyingine. Kiongozi wa dola alikubali kwamba kutengana ni mzigo wa mwili na roho, na kwamba kuhimiza subira tu hakutoshi. Huko Iowa, Marekani, Reuben Hill alichunguza familia zilizotenganishwa na Vita vya Pili vya Dunia na kuandika matokeo mwaka 1949. Aliona kwamba kurejea nako ni mtihani. Familia iliyokaza safu kabisa ikaishi kana kwamba baba hayupo ilipata taabu kumpokea. Iliyojipanga upya huku ikimwekea nafasi yake ilifanikiwa zaidi. Kwa mke aliye Riyadh nafasi hiyo ina maana nyepesi kutekeleza: aulizwe mtoto apelekwe madrasa gani, asiwe wa kuombwa fedha tu. Kwenye simu nyingi za Ughaibuni nilizozisikia, salamu ni fupi na orodha ya mahitaji ni ndefu.

Stara haina maana ya kunyamaza

Niliyoyasema yanaweza kutumiwa vibaya. Kuna mume atakayesoma kuhusu kufunga mlango akafurahi, kwa kuwa anampiga mkewe na hataki ajulikane. Kwa huyo sura hii haina hata herufi moja.

Bibi Khaula bint Thaalaba alipoonewa na mumewe hakuvumilia kimya. Alikwenda kwa Mtume, akajadiliana naye, na Mwenyezi Mungu akashusha Surat Al-Mujadila. Hind bint Utba alilalamika kwamba Abu Sufyan ni bahili, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kinachomtosha yeye na watoto kwa wema. Imam Nawawi, katika Riyadhu Swalihin ambayo iko katika nyumba nyingi za Pwani, ameitumia habari ya Hind kuonyesha kwamba kumtaja mkosaji mbele ya anayeweza kutoa haki au fatwa si kusengenya. Tofauti iko kwa msikilizaji: ana uwezo gani wa kusaidia?

Susan Hirsch, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechunguza mahakama za kadhi za Pwani ya Kenya na kuchapa kitabu mwaka 1998, alikuta picha iliyozoeleka kwamba mwanamume hutamka na mwanamke huvumilia. Mahakamani aliona vingine: wanawake ndio waliofungua kesi kwa wingi, wakazungumza, na mara nyingi wakashinda. Mahakama hizo zimo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Tanzania Bara, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka shauri lipelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka, isipokuwa kwa hali maalumu. Zanzibar ina kadhi wake. Dada yangu unayepigwa, hao ndio watu wako, pamoja na polisi na hospitali. Usisubiri wasuluhishi wakubaliane tarehe.

Kwa nyumba nyingine zote, zenye magomvi ya kawaida ya vijana wanaojifunza kuishi pamoja, nina pendekezo linaloweza kufanyika wiki ya posa. Wakati wazee wanapozungumzia mahari, maharusi wenyewe wakubaliane majina mawili, mmoja wa kila upande, na wenye majina waulizwe kama wanakubali. Asiwe mama mzazi wa yeyote, maana mama ana haki ya kuegemea. Awe mtu ambaye ameshawahi kumwambia mtu wa damu yake kwamba amekosea, na watu wakashuhudia. Awe mtu wa kwenda na kuja, si wa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Wakutane uso kwa uso, simu zote zikiwa chumba kingine, na wasikie pande mbili kabla ya kutoa rai. Na kama mmoja wao atahamia Muscat, au akafariki, au akaanza kupeleka habari za wenzake nje, wanandoa wachague mwingine mapema, wakati bado wanacheka pamoja.